Kebo Moja, Mizigo Miwili: Sauti ya Sintesaiza Inavyofika Kwenye Kompyuta kwa USB

Jumamosi moja asubuhi, mpiga kinanda wa kwaya alifika nyumbani kwangu Katuba, hapa Lubumbashi, kinanda chake kikiwa kimefungwa kwa kitenge, akitaka turekodi nyimbo nne kabla umeme haujakatika. Tulichomeka kebo ya USB, tukafungua programu ya kurekodia, akapiga kodi ya kwanza, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kwenye skrini vikajitokeza vijistari vya kijani, kimoja kwa kila noti, vimepangika kama mahindi shambani. Tuliporudisha nyuma ili tusikilize, kimya. "Yaya, manoti iko inaingia, lakini sauti hakuna," akaniambia (yaya huku kwetu ni ndugu mkubwa), na kwa sentensi hiyo moja alikuwa ameshaeleza tatizo zima vizuri kuliko mwongozo uliokuja na kinanda chenyewe.

Kebo ya USB inayotoka kwenye sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti chenyewe, au sinte kama wanamuziki wengi wa hapa wanavyoiita kwa kufuata Kifaransa, inaweza kubeba mizigo miwili isiyofanana hata kidogo. Mmoja ni maagizo ya MIDI, lugha ya pamoja ambayo ala za kielektroniki huelewana kwayo, na mwingine ni sauti yenyewe. Kuna ala zinazobeba yote miwili, na kuna nyingi zinazobeba wa kwanza tu, ilhali tundu ni lilelile na kebo ni ileile, wala hakuna alama ya nje inayomwambia mnunuzi amepata ipi. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya usumbufu wa watu wanaorekodi nyumbani hutokana na kutolijua hilo, kwa sababu mtu hushinda siku nzima akihangaika na mipangilio ya programu akitafuta sauti ambayo haikutoka kwenye kinanda.

MIDI ilizinduliwa mwaka 1983, baada ya Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani na Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani kusukuma wazo kwamba ala za watengenezaji tofauti zinapaswa kuelewana. Kinachosafirishwa ni maagizo tu: noti fulani imebonyezwa, imebonyezwa kwa nguvu kiasi hiki kwenye kipimo cha 0 hadi 127, sasa imeachiwa. Ujumbe wa noti moja una baiti 3, na kwenye kebo ya asili yenye pini 5, inayopitisha biti 31,250 kwa sekunde, unachukua karibu milisekunde 1 kufika. Ndani ya baiti hizo hamna chembe ya sauti. Ni sawa na karatasi ya solfa ambayo mwalimu wa kwaya anawagawia waimbaji: hata ukiiweka sikioni hutasikia kitu, mpaka apatikane wa kuiimba.

Sauti ni mzigo wa uzito mwingine kabisa. Ili wimbi la sauti liwe namba, hupimwa maelfu ya mara kila sekunde, na kila kipimo kimoja huitwa sampuli. Stirio ya biti 24 yenye sampuli 48,000 kwa sekunde inahitaji kupitisha biti 2,304,000 kila sekunde, kiasi kinachozidi mara 70 uwezo wa ile kebo ya pini 5. Ndiyo maana sauti haikuweza kupita huko, ikabidi isubiri USB, ambayo toleo lake la kwanza la mwaka 1996 lilifikia biti milioni 12 kwa sekunde na toleo la 2.0 la mwaka 2000 likafikia milioni 480. Kanuni za kupitisha sauti kwa USB zilichapishwa mwaka 1998, na za kupitisha MIDI zikafuata mwaka 1999 katika waraka wake peke yake, kwa hiyo mtengenezaji yuko huru kutekeleza za MIDI na kuliacha suala la sauti kando, na kwa kuwa MIDI ni rahisi na nafuu kuiweka, wengi ndivyo walivyofanya.

Mifano iko wazi. Korg minilogue, sintesaiza ya analogi iliyotoka mwaka 2016, hupitisha MIDI tu kwenye USB yake, na anayetaka sauti lazima aichukue kwenye tundu la jeki, lile la kebo ya kawaida ya sauti. Yamaha PSR-E373, kinanda cha bei ya chini chenye spika zake, hupeleka stirio ya sampuli 44,100 moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa hiyo bei au hadhi ya ala haikuambii lolote kuhusu jambo hili. Juu zaidi, Yamaha MODX ina njia 10 za sauti kuelekea kwenye kompyuta, na Yamaha Montage ina 32, jambo linalomwezesha mtu kurekodi besi, piano na vinanda vya nyuzi kila kimoja kwenye mstari wake kwa wakati mmoja.

Namna ya kujua bila kubahatisha ni kuchomeka ala, kuiwasha, kisha kuiuliza kompyuta yenyewe. Katika mipangilio ya sauti ya kompyuta, mahali panapoorodheshwa spika na maikrofoni, jina la ala linapaswa kuonekana kama kifaa cha sauti. Likionekana kwenye orodha ya vifaa vya MIDI tu, ndani ya programu ya kurekodia, basi unachopata ni maagizo. Kwenye kompyuta za Apple programu ya Audio MIDI Setup ina madirisha mawili, moja la sauti na moja la MIDI, na kuyafungua yote mawili sambamba humaliza ubishi kwa nusu dakika.

Kabla ya kutoa hukumu hiyo, hata hivyo, kagua kebo na tundu. Kebo nyingi zinazouzwa mezani sokoni ni za kuchajia simu tu na hazina nyaya za data ndani, na kebo ya namna hiyo huifanya ala nzima ionekane kama haipo. Kwenye vinanda vya Yamaha kuna matundu mawili ambayo watu huyachanganya: lililoandikwa USB TO HOST, la mraba kama la printa, ndilo la kompyuta, na lililoandikwa USB TO DEVICE, la bapa, ni la fleshi. Urefu wa kebo ya USB 2.0 usizidi mita 5.

Baada ya kebo inafuata draiva, yaani programu ndogo inayoutafsiria mfumo wa kompyuta lugha ya kifaa. Ala inayofuata kanuni za pamoja za USB haihitaji draiva ya pekee kwenye kompyuta za Apple wala kwenye Linux. Windows ilichelewa: draiva yake ya ndani kwa ajili ya toleo la pili la kanuni za sauti ilikuja mwaka 2017, katika Windows 10 toleo la 1703, na huku kwetu, ambako kompyuta hupita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kufika studio, bado utakutana na mashine za zamani kuliko hapo. Aidha, wanaorekodi kwa Windows wanahitaji draiva ya ASIO, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg mwaka 1997 ili sauti ipite njia fupi bila kuzunguka kwenye kichanganyio cha Windows. Kama mtengenezaji wa ala ametoa ASIO yake, tumia hiyo kabla ya kufikiria nyingine.

Hapa kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa kwa jina. Ala kadhaa za Roland, kwa mfano JD-Xi, zina mpangilio wa draiva ya USB wenye chaguo mbili, Generic na Vendor. Ukiwa kwenye Generic ala hutumia draiva ya kawaida ya mfumo na hupitisha MIDI peke yake. Sauti hupita tu ukichagua Vendor na kusakinisha draiva ya Roland, kisha kuizima ala na kuiwasha tena ili mabadiliko yashike. Mtu aliyenunua ala iliyokwisha tumika, bila mwongozo, anaweza kuishi nayo mwaka mzima akidhani haina uwezo huo.

Tuseme sasa sauti inapita. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba, kuanzia dakika hiyo, sintesaiza imegeuka kuwa kadi ya sauti ya kompyuta, yaani kifaa kinachoingiza na kutoa sauti yake. Ukiichagua ndani ya programu ya kurekodia, sauti yote ya kompyuta, pamoja na nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, itatokea kwenye spika au tundu la hedifoni la kinanda, na spika za kompyuta zitanyamaza. Mara nyingi mtu huogopa kwamba ameharibu kitu. Hajaharibu, ameajiri kadi mpya, na kadi hiyo ina masharti yake.

Sharti kubwa ni saa. Ndani ya kila kifaa cha sauti cha kidijitali kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka na kutoa mapigo, na kila sampuli hupimwa kwa kufuata mapigo hayo. Fuwele mbili hazilingani kamwe. Chukua vifaa viwili, kinanda na kadi ya sauti ya nje ambayo imechomekwa maikrofoni za kwaya, na useme saa zao zinapishana kwa sehemu 50 kwa milioni, tofauti ambayo kwa saa ya mkononi usingeijali. Kwenye wimbo wa dakika 5 pengo litakuwa milisekunde 15, ambalo huenda sikio likalisamehe. Kwenye ibada ya saa 1 litakuwa milisekunde 180, na hapo kinanda na kwaya vitasikika kama vinatoka kwenye makanisa mawili. Kabla ya kufika huko, utaanza kusikia vipigo vidogo vya "tik" kila baada ya muda, kwa sababu upande mmoja unaleta sampuli nyingi kuliko upande mwingine unavyozipokea, na ziada inabidi itupwe.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni kwamba katika rekodi moja saa iwe moja. Draiva ya ASIO huilazimisha kanuni hiyo kwa kuikubalia programu kifaa kimoja tu kwa wakati. Mfumo wa Apple huruhusu kuunda kifaa cha pamoja kutoka vifaa viwili, kimoja kikiwa kiongozi wa saa na kingine kikiwekewa alama ya kusahihishwa, na usahihishaji huo hufanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Lakini ukiniuliza mimi, mwenye kinanda na maikrofoni mbili asihangaike: achague kadi ya nje iwe saa ya wote, apeleke sauti ya kinanda kwenye kadi hiyo kwa kebo za jeki, na USB ya kinanda aiachie MIDI. Sauti ya USB ina faida kubwa pale ambapo kinanda kiko peke yake, au pale ambapo ala ina njia nyingi ambazo huwezi kuzitoa kwa jeki mbili.

Kasi ya sampuli nayo inatoka kwenye saa hiyohiyo. Vinanda vingi vya nyumbani hufanya kazi kwa 44,100 tu na havibadiliki. Programu ikiwekwa kwenye 48,000, draiva itakataa au itageuza kimyakimya, na ikitokea rekodi ya 44,100 ikasomwa kana kwamba ni ya 48,000 bila kugeuzwa, wimbo utaenda kasi na kupanda karibu nusutoni moja na nusu, hata do isikike kati ya do diyezi (do iliyopandishwa nusutoni) na re. Waimbaji wataambiwa wameimba vibaya ilhali kosa ni la menyu.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti, hesabu ni nyepesi kuliko maneno yanayozungushwa kuihusu. Kompyuta haishughulikii sampuli moja moja. Huzikusanya kwenye bafa, kama mwenye teksi anayesubiri viti vijae ndipo aondoke. Bafa ya sampuli 128 kwa 44,100 ni milisekunde 2.9, na ya 1,024 ni milisekunde 23.2. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo bafa ya kwanza ni kama umekaa mita 1 kutoka kwenye spika yako, na ya pili ni kama umekaa mita 8. Tena sauti inayoingia na kutoka hulipa nauli mara mbili. Bafa ndogo huichosha kompyuta dhaifu na kuleta mikwaruzo, bafa kubwa humchanganya mpigaji, na watu hupoteza muda wakitafuta namba ya katikati.

Yupo anayeweza kuukwepa mtihani huo wote, naye ni mwenye sintesaiza iliyo kadi ya sauti. Achomeke hedifoni kwenye kinanda chenyewe. Noti anazopiga atazisikia papo hapo, kabla hazijaenda popote, na nyimbo za nyuma zitamfikia kupitia USB. Programu hulinganisha nyakati baada ya kurekodi, kwa hiyo bafa inaweza kuwa kubwa bila kumsumbua. Anachotakiwa kukumbuka ni kuzima usikilizaji wa ingizo ndani ya programu, yaani programu kumrudishia sauti inayoingia, la sivyo atajisikia mara mbili, mara ya kwanza kwa wakati na mara ya pili kama mwangwi.

Kujisikia mara mbili kuna chanzo kingine pia, na dalili zake zinafanana. Programu ikipokea noti kwa MIDI na kuzirudisha kwa kinanda, kila noti hupigwa na kidole kisha hupigwa na kompyuta. Sauti inakuwa nene na ya kuyumba, na idadi ya noti ambazo ala inaweza kutoa kwa pamoja inapungua nusu. Dawa yake ni kuzima Local Control, mpangilio unaotenganisha vibonyezo vya kinanda na mtambo wake wa sauti, ili noti zipite kwenye kompyuta tu. Hatari zaidi ni mzunguko wa sauti. Baadhi ya vinanda vya Yamaha vina mpangilio wa Audio Loop Back, ambao hurudisha kwenye kompyuta sauti iliyotoka kwenye kompyuta. Ukiwashwa pamoja na usikilizaji wa ingizo, sauti hujizungukia na kupanda mpaka ikawa mlio wa kutoboa masikio. Punguza sauti ya hedifoni kabla ya kujaribu lolote hapa.

Wale jirani zetu wanaorekodi kwa simu wanaweza kufuata haya yote kwa adapta ndogo ya OTG, inayoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB, kwani Android inapokea vifaa vya sauti vya USB tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Ala inayohitaji draiva ya mtengenezaji haitapitisha sauti huko.

Limebaki suala la mlio, na huku Lubumbashi nisingeweza kuliruka. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Sol ya chini kwenye kinanda ni 49 Hz na ya oktava inayofuata ni 98, hivyo muungurumo wa umeme, pamoja na mwenzake wa 100 Hz, hukaa juu kidogo tu ya sol, na besi ya wimbo ulio katika sol huungana nao vibaya. Sauti inayosafiri ndani ya USB haiupati, kwa kuwa zinazosafiri ni namba. Muungurumo huingia pale ambapo kinanda kimeunganishwa na kompyuta kwa USB na wakati huohuo kimeunganishwa na mikseri au kadi ya sauti kwa jeki: nyaya za ardhi za vifaa hivyo zinafanya duara, mkondo mdogo unazunguka humo, na kebo ya jeki inausoma kama sauti. Ukiongeza chaja ya kompyuta, utasikia na kilio chembamba kinachobadilika kila unaposogeza kipanya.

Jaribio la kwanza halina gharama: chomoa chaja ya kompyuta ukiwa unasikiliza. Mlio ukitoweka, umempata mwizi. Unaweza kuchomeka vifaa vyote kwenye kamba moja ya umeme, au kupitisha jeki kwenye kisanduku cha DI (cha kuunganishia ala na mikseri) chenye transfoma, au kuweka kitenganishi kwenye USB, ukijua kwamba vingi vya bei nafuu huishia kwenye biti milioni 12 kwa sekunde, ambazo zinatosha stirio lakini hazitoshi ala ya njia nyingi. Kitu ambacho fundi asikushawishi kukifanya ni kukata pini ya ardhi ya plagi, ile inayoitwa tere. Mlio unaweza kuisha kweli, na siku nyaya zikigusana ndani ya amplifaya, ardhi itakuwa vidole vya mpiga kinanda.

Kinanda cha yule kijana kilikuwa cha MIDI tu. Vijistari vyake vya kijani havikupotea bure: tulichomeka jeki kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kadi ndogo ya sauti, tukaiamuru programu irudishe noti kwa kinanda, nacho kikapiga wimbo mzima peke yake, vibonyezo vimetulia, wakati kadi inarekodi sauti yake. Alikaa amekunja mikono akijisikiliza, na mara mbili alinyoosha kidole kuonyesha kodi aliyoikosea, tukazisahihisha kwenye skrini, kinanda kikapiga tena. Muungurumo wa sol ulikuwepo kidogo, tukauvumilia.

Delestaji, yaani mgao wa umeme, ilitukuta baada ya wimbo wa tatu. Kinanda kilizimika na kutoweka kwenye orodha ya vifaa, lakini kompyuta ilikuwa na chaji na kadi ya sauti ilikuwa inakula umeme wa USB, kwa hiyo mdogo wake alitumwa dukani akaleta betri sita. Tulichomoa adapta, tukaziweka, tukafungua programu upya ili ikitambue kinanda. Hakukuwa na kitu chochote tena kilichoshikana na ukuta, na wimbo wa nne ndio uliotoka bila muungurumo hata kidogo.